Mzee wa Magoti na Senti Zangu Kumi

Leo asubuhi simu yangu imelia ule mlio wa pesa. Mnaujua, ule ambao hata ukiwa msibani unachungulia kidogo. Nikauacha mswaki mdomoni, nikafungua barua pepe: hongera, picha yako imenunuliwa. Senti 10. Wala si senti zetu, zile zilishazikwa siku nyingi. Ni senti 10 za dola, ambazo ukizibadilisha hazifiki hata shilingi 300. Nilitema dawa ya meno kwa nguvu mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Naomba nijitambulishe rasmi. Mimi ni mpiga picha wa kimataifa, mkazi wa Ipagala, Dodoma. Cheo hicho nilipewa na mama mkwe, na sijawahi kumsahihisha kwa sababu ndicho kilichonipatia mke. Nilimweleza kwamba picha zangu zimo kwenye mabenki ya picha mtandaoni, kwamba mteja wa Toronto ananunua huku mimi nimelala. Akaipenda sana hiyo habari ya kulipwa umelala. Siku hizi akipiga simu ananiuliza, "Baba, bado umelala?" na mimi sijui anamaanisha nini.

Ila zamani ililipa, msinione mwongo. Kuna mbuyu mmoja kule njia ya Kondoa uliwahi kuniingizia dola 28 kwa mkupuo, nikabadilisha matairi yote mawili ya pikipiki. Mbuyu huohuo, pembe hiyohiyo, leo unaniletea pesa ya pipi.

Tangu Juni 2020 kampuni ninayoiuzia (siitaji jina, bado imeshika vijisenti vyangu) imetuwekea ngazi. Unaanza chini kabisa na asilimia 15 ya bei, ukiuza nyingi unapanda. Sawa, binadamu anapanda. Lakini kila ifikapo Januari mosi wote tunashushwa tena chini. Yaani watu wanasherehekea mwaka mpya, wanarusha fataki, mimi natazama saa nashushwa ngazi. Na mteja halipii picha moja moja, analipia mwezi mzima, anajichotea mamia, kama yule mgeni wa harusi anayerudi kwenye foleni ya pilau na hotpoti. Mauzo ya Marekani nayo yanakatwa kodi ya asilimia 30, maana sisi na wao hatuna mkataba wa kodi. Halafu pesa haitoki mpaka ifike dola 25. Kwa senti kumikumi hayo ni mauzo 250. Nimepiga hesabu kwa kikokotoo mara mbili, nikidhani kina hitilafu.

Nikiwa bado na povu mdomoni, geti likagongwa.

Alikuwa mzee mmoja wa Hombolo, koti lake la kanisani, kofia mkononi. Nyuma yake mjukuu anayesoma chuo hapa mjini. Nyuma ya mjukuu, mjumbe wa nyumba kumi na mkoba wake wa muhuri. Ukiona mzee amekuja na mjumbe asubuhi, jua hakuja kusalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbukwa, mjukuu wangu. Magoti yangu yanaendeleaje?"

Nikadhani sijasikia vizuri. "Magoti yako, babu?"

"Wewe ndiye unayajua. Mimi sikuwa naumwa."

Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Huyu mzee nilimpiga picha miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nane, kwenye shamba la mizabibu, akicheka na kichala cha zabibu nyekundu mkononi. Picha safi sana. Ikakataliwa. Eti ina chenga. Zile siyo chenga, lile ni vumbi la Dodoma la mwezi wa nane, limo hadi kwenye chai! Nikalisafisha kwenye kompyuta, punje moja moja, usiku kucha. Ikakataliwa tena: haina fomu ya ridhaa ya anayeonekana. Nikaichapa fomu, kurasa mbili za Kiingereza, nikaipeleka Hombolo.

Mzee akaiangalia kama nyoka. "Karatasi ya mwisho niliyosaini," akasema, "shamba langu la mtama likawa viwanja 14." Ikaitwa familia. Shemeji mtu akataka kujua zabibu zile zinahesabiwa kwa nani, maana mizabibu ni yake, mzee alisimama tu. Baada ya saa tatu na mbuzi nusu (nilinunua mimi), mzee akakubali kuweka dole gumba, na mjumbe, kwa kutaka jambo liwe la kiserikali, akagonga muhuri juu ya dole gumba. Fomu ikarudishwa kutoka ng'ambo: saini haisomeki. Nikaenda Hombolo mara ya pili.

Sasa mjukuu akanionyesha simu. Kweli, ni mzee wangu, anacheka kama kawaida yake, lakini zabibu zimekatwa pembeni, na chini yake kuna chupa ya dawa ya kuchua na maneno ya Kijerumani. Mjukuu alishayatafsiri kwa simu: "Tembea tena kwa furaha."

"Mimi lini niliacha kutembea?" mzee akauliza. "Huyu kijana kawaonyesha wenzake, habari ikafika kijijini. Jumapili kanisani mama mmoja kaniachia benchi la mbele. Mchungaji kanitaja kwenye maombi. Mimi! Naamka saa kumi naenda shamba kwa mguu!"

Nikampa pole, nikawatolea viti, mke wangu akaleta chai na zile chapati zilizokuwa kifungua kinywa changu. Mjumbe akamega, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa hao wa magoti wamelipa shilingi ngapi?"

Nikaona nisijitetee, nimwonyeshe mzee mwenyewe malipo ya picha yake. Nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. 0.10.

"Hii ni tarehe?"

"Hapana babu, ndiyo pesa yenyewe."

Kimya. Mjumbe akaacha kutafuna. Mzee akaanza kuigawa kwa sauti: mwenye sura, mwenye mizabibu, mwenye kamera, mwenye muhuri. Alipofika kwenye muhuri akasimama, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona hata kwa mama mkwe.

"Kumbe na wewe unalima zabibu," akasema.

"Vipi, babu?"

"Mimi navuna, naenda kwa mnunuzi, bei anapanga yeye. Nikibisha, ananiambia rudi nazo. Nitarudi nazo wapi, na jua hili? Kesho zimeoza. Nauza. Lakini zangu zinaoza, mjukuu wangu. Picha haiozi. Kwa nini unauza kwa bei ya kuoza?"

Ndugu zangu, hapo uungwana uliniishia. Nikasimama, chai ikamwagika. "Hilo ndilo tatizo, babu! Haziozi! Zabibu za mwaka jana zimeshanyweka, lakini picha ya mtu aliyeshika zabibu mwaka 2005 bado ipo sokoni, mbichi, inashindana na ya kwako! Kila siku wanamwaga mpya juu ya zile za zamani, mamilioni, hakuna hata moja inayoharibika! Biashara hii ya bei chee ilianzia Calgary, Kanada, mwaka 2000, kwa watu kupeana picha bure! Bure, babu! Mwaka 2006 ule mtandao wao ukanunuliwa kwa dola milioni 50, na sisi ndiyo tunarudi kule kwenye bure, kwa miguu! Na sasa kuna akili mnemba, hata kamera haihitaji!"

Mjukuu, kutaka kusaidia, akaandika hapohapo kwenye simu yake: mzee wa Kiafrika akivuna zabibu. Ikatoka haraka kuliko chai kupoa. Mzee mtanashati, vidole sita, zabibu zinaning'inia kwenye mbuyu.

Mzee aliitazama muda mrefu. "Huyu naye wamempiga dole gumba?"

"Huyu hayupo, babu."

"Ana bahati. Hakuna atakayemuuliza magoti."

Wakaondoka saa nne. Nauli ya kurudi Hombolo ya watu wawili nimetoa mimi, maana mjukuu alibaki mjini. Mjumbe hakudai kitu, ila alibeba chapati mbili za mwisho kwenye gazeti. Mauzo ya leo, kwa hiyo, yameniingizia hasara ya elfu kumi na kitu, bila kuhesabu mbuzi nusu.

Nilipoinama kuokota vikombe, goti la kushoto likalia kama mlango wa stoo. Miaka kumi na moja nachuchumaa mbele ya mibuyu, mnategemea nini? Nikakaa kwenye kiti cha mzee, nikafungua ule ukurasa wa Kijerumani, nikaangalia bei ya chupa. Euro 19, na gharama ya usafirishaji juu. Nikateremka hadi chini kwenye orodha ya nchi wanazotuma, nikaisoma mara mbili.

Tanzania haimo.