Huku ughaibuni tunatibu mafua tusiyokuwa nayo

Kiswahili ni lugha pana, lakini kikifika puani kinabana. Mafua ni mafua tu: ya baridi, ya vumbi, ya kuambukizwa, ya kunyeshewa. Neno mzio lipo, aleji nalo limezoeleka, ila mtu akipiga chafya kumi mfululizo anaambiwa "pole na mafua" na mambo yanaishia hapo. Nyumbani uzembe huo wa lugha haukutugharimu sana. Ukihamia nchi yenye majira manne ndipo unapoanza kuulipia: mwezi wa tano pua inachuruzika, unanunua dawa ya mafua, pakiti inaisha, unanunua nyingine, na mwezi wa saba bado uko palepale.

Maoni yangu, na najua wapo watakaobisha, ni kwamba kwa habari ya pua ughaibuni hakuzidi nyumbani kwa kiasi tunachojisifia. Huku rafu zimejaa dawa na hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Kule dirishani kwenye duka la dawa yupo mtu anayeuliza, ila jibu lake mara nyingi ni lilelile kwa kila mgonjwa. Anayehama bila kubadili mazoea anabeba ubovu wa pande zote mbili.

Mafua ya virusi yana mwanzo na mwisho. Koo linakereketa siku ya kwanza, pua inafungulia bomba siku ya pili na ya tatu, mwili unachoka, pengine na homa kidogo, na baada ya siku 7 hadi 10 yameondoka, kikohozi kikibaki nyuma kama mgeni asiyejua kuaga. Mzio wa chavua, yaani ile poda laini ya mimea inayochanua, hauleti homa. Wenyewe unawasha: macho, pua, kaakaa, hata ndani ya masikio. Kamasi ni maji matupu, chafya zinakuja kwa mafungu, hasa asubuhi, na hali inafuata hewa. Mvua ikinyesha taratibu siku nzima unapata nafuu. Jua na upepo vikirudi unateseka. Kipimo cha haraka ni muwasho. Virusi huuma na kuziba, lakini ni nadra vikufanye usugue macho mpaka yavimbe.

Swali linalorudi kila mwaka ni "mbona nilipofika sikuwa nao?" Ni kwa sababu kinga ya mwili hujifunza kwanza. Chavua ya mti wa birch hukuwahi kukutana nayo. Misimu ya mwanzo mwili unaizoea kwa njia mbaya: unatengeneza kingamwili za aina ya IgE, nazo zinajibandika kwenye seli zilizoko puani na machoni. Msimu mwingine, wa pili, wa tatu au hata wa tano, chavua ikizigusa, seli zinamwaga histamini, na hiyo ndiyo inayowasha na kuchuruzisha. Kwa hiyo anayesema "nina miaka minne hapa, siwezi kuanza mzio leo" ameligeuza jambo. Hiyo miaka minne ndiyo iliyomfikisha hapo.

Tena adui si yule unayemwona. Maua yenye rangi za kuvutia hutegemea wadudu. Chavua yake ni nzito, inanata, haisafiri mbali. Ile poda ya njano inayotanda juu ya magari majira ya kuchipua mara nyingi ni ya misonobari, na chembe zake kubwa ni mara chache kuleta mzio. Zinazosumbua ni zile zisizoonekana: birch na mwaloni takriban mwezi wa tatu hadi wa tano, nyasi mwezi wa tano hadi wa saba, na mashariki mwa Marekani gugu liitwalo ragweed kuanzia mwezi wa nane mpaka baridi kali ya kwanza iliue. Nyumbani kalenda haijabana namna hiyo. Nyasi huchanua baada ya masika na vuli, kweli, lakini wengi wenye pua korofi husumbuliwa mwaka mzima na utitiri wa kwenye magodoro, mende, ukungu wa ukutani na moshi. Ndiyo maana tulizoea kumeza kidonge siku ya shida na kusahau. Huku ukiujua mwezi wako umeshapiga hatua kubwa, maana dawa iliyo bora inataka ianzwe kabla.

Sasa tuingie dukani. Geuza pakiti, usome viambato nyuma. Jina kubwa la mbele ni la wauzaji. Benadryl ya Marekani ina difenhidramini, dawa inayosinzisha. Uingereza ndani ya pakiti yenye jina hilohilo unaweza kukuta setirizini au akrivastini, dawa nyingine kabisa. Parasetamoli nayo, ile tunayoiita Panadol, ukivuka kwenda Marekani inaitwa asetaminofeni, na hapo ndipo watu wanapojiumiza. Mtu anameza vidonge 2 vya miligramu 500 vya asetaminofeni kwa ajili ya kichwa, usiku anakunywa dawa ya maji ya mafua yenye asetaminofeni ndani yake, na kwenye mkoba ana Panadol alizotoka nazo nyumbani. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, kutoka vyanzo vyote kwa pamoja. Ini halisomi majina ya biashara. Herufi D mwishoni mwa jina la dawa ya mzio kwa kawaida ina maana imeongezewa pseudoefedrini, na PM au neno "usiku" lina maana kuna kitu cha kukulaza. Mimi sizipendi dawa mseto. Nunua kiambato kimoja kwa shida moja.

Kuna kituko kimoja cha Marekani ambacho kila mgeni akijue. Dawa nyingi za kuzibua pua zilizopangwa wazi rafuni ni vidonge vya fenilefrini. Septemba 2023 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua, na Novemba 2024 FDA yenyewe ikapendekeza iondolewe. Inayofanya kazi ni pseudoefedrini, ila hiyo iko nyuma ya kaunta tangu sheria ya mwaka 2006, kwa kuwa hutumika kutengenezea dawa ya kulevya ya methamfetamini. Unaonyesha kitambulisho, unasaini, na hupewi zaidi ya gramu 3.6 kwa siku. Yaani isiyofaa imepangwa mbele, inayofaa lazima uiulizie. Hata hivyo si ya kila mtu: inapandisha presha, inakimbiza moyo, inamkwamisha mkojo mwenye tezi dume, na haimfai mwenye presha ya macho. Ukiimeza jioni, utahesabu mabati mpaka alfajiri.

Upande wa antihistamini, yaani dawa za kuizuia ile histamini, nyumbani mfalme ni klofeniramini, yaani Piriton. Kwenye mafua ya virusi inakausha pua kidogo kwa sababu inakausha kila kitu, mdomo pamoja. Lakini kwa mzio wa miezi mitatu ni chaguo baya. Miligramu 4 hudumu saa 4 hadi 6, usingizi unakuvamia kazini, na unaweza kujiona uko macho huku mguu wako ukichelewa kufika kwenye breki. Wazee inawavuruga akili na kuwazuia kukojoa. Setirizini au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku zinatosha watu wengi. Setirizini bado inasinzisha baadhi, hao waimeze usiku. Feksofenadini ndiyo inayosinzisha kidogo kuliko zote, kwa sharti moja: imeze kwa maji. Juisi ya chungwa, tofaa au balungi inazuia isifyonzwe vizuri mwilini, halafu mtu analaumu dawa. Na hizi za kisasa hazifanyi lolote la maana kwenye mafua ya virusi. Ukizimeza ukapona siku ya nane, ni siku ya nane iliyokuponya.

Kama pua inaziba kila siku, kidonge si jibu. Jibu ni dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama flutikasoni, mometasoni au budesonidi, ambayo watu wetu huitumia siku mbili kisha wanaitupa kwa kuwa "haifanyi kazi". Inaanza polepole na inafikia nguvu yake ndani ya wiki 1 hadi 2. Ndiyo maana nyasi zikikusumbua kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano, chupa ifunguliwe mapema mwezi huohuo. Kwa flutikasoni ya maikrogramu 50 kwa pulizo, mtu mzima huanza na mipulizo 2 kila tundu mara moja kwa siku, akitulia anashuka hadi 1.

Kosa kubwa liko mkononi. Chupa mpya tikisa, upulizie hewani mara kadhaa mpaka itoke kama ukungu laini. Penga kamasi. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma kama anayetiwa dawa ya macho. Mkono wa kulia utumie kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia. Ukifanya hivyo ncha inaelekea upande wa nje, kwenye kona ya jicho, mbali na ukuta wa kati wa pua. Pulizia huku ukivuta hewa taratibu, kama unavyonusa ua. Ukivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni. Ladha chungu kooni ni ushahidi kwamba umeikosa pua. Ukitokwa na damu, mara nyingi ni kwamba umekuwa ukiulenga ule ukuta wa kati.

Usiichanganye hiyo na ile ya kuzibua papo hapo, yenye oksimetazolini au zailometazolini. Dakika chache tu unapumua kama uko ufukweni, na ndiyo hila yake. Baada ya siku 3 iache, kwani ukiendelea mishipa ya pua inaizoea, ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, nawe unapulizia tena. Wapo wanaozunguka kwenye duara hilo miezi wakidhani ni mzio sugu.

Malalamiko ya kawaida huku ni kwamba "daktari hakunipa dawa". Hapo namtetea daktari. Antibiotiki haiui virusi wala haigusi histamini, na kamasi ya njano au kijani haithibitishi bakteria. Vidonge vichache vya amoksilini vya dirishani nyumbani, vinavyokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa idadi, vimetufundisha vibaya. Kibaya zaidi ni vile vidonge vinavyochanganya betamethasoni na antihistamini. Vinaponya haraka kweli, kwa sababu ndani mna steroidi inayozunguka mwili mzima: sukari inapanda, presha inapanda, na ukizoea kwa wiki nyingi tezi zako zinaacha kutengeneza zenyewe homoni ya aina hiyo. Steroidi ya kupulizia inabaki zaidi puani kwa vipimo vya maikrogramu. Usipakie hivyo vidonge kwenye sanduku kumletea ndugu.

Kujifukiza nako tuseme ukweli. Mvuke unalegeza kamasi kwa dakika chache, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imeunguza wengi, watoto hasa. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kuna faida zaidi kwa mzio, maana kunatoa chavua yenyewe. Changanya vijiko 3 vya chai vya chumvi isiyo na madini joto na kijiko 1 cha magadi ya kuokea. Weka kijiko 1 cha mchanganyiko huo kwenye mililita 240 za maji ya vuguvugu. Bila chumvi maji yanachoma. Maji yawe yametoneshwa, au yamechemka kwa dakika 1 nzima (dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 hivi) kisha yakapoa. Ya bomba moja kwa moja hapana, hata huku kwa wenzetu wanakosifia mabomba yao. Kuna ameba inayopita puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, ila ikiingia huua.

Nyumba yako: oga na uoshe nywele kabla ya kulala, usianike shuka nje msimu wa nyasi, funga vioo vya gari. Kama dalili zinazidi wakati wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa, shuku utitiri wa kwenye zulia na godoro, ufue matandiko kwa nyuzi 60.

Watoto wasiingizwe kwenye dawa mseto za mafua kabisa: Marekani pakiti husema si kwa walio chini ya miaka 4, Uingereza chini ya miaka 6. Asali kijiko kimoja kwa kikohozi inafaa, kamwe si kabla ya kutimiza mwaka 1. Na yeyote anayebanwa kifua au kupumua kwa mluzi msimu wa chavua ana dalili za pumu. Huyo anahitaji daktari. Melbourne, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi ilipasua chavua za nyasi zikaingia mapafuni mwa watu wengi kwa mpigo, na watu 10 wakafa.

Safari ya nyumbani inaweza kuwa kipimo. Ukiondoka mwezi wa sita na ndani ya siku chache pua ikatulia bila dawa, shuku nyasi za huko ulikotoka. Ikibaki vilevile, huenda ni kitu kilichoko kote kuwili, kama vumbi. Ukirudi omba kipimo cha ngozi, ambapo ngozi huchomwa kidogo na kitu kinachoshukiwa ili ionekane kama itavimba. Antihistamini iachwe siku 7 kabla, la sivyo ngozi haitavimba na utaambiwa huna mzio. Dawa ya mafua ya usiku nayo ihesabu humo. Ya kupulizia yenye steroidi endelea nayo.