Bristol, 1963: Wale Wanne Walimsemea Nani?

Mwaka 1963 mtu mweusi mjini Bristol, Uingereza, aliweza kuajiriwa na kampuni ya mabasi ya mji huo, lakini kazi zake ziliishia karakana na kantini. Udereva na ukondakta haukuwa wake. Tangu 1955 wahudumu wa mabasi, kupitia chama chao cha wafanyakazi, walikuwa wameazimia kwamba watu wa rangi wasichukuliwe kazi hizo. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana sheria yenyewe haikuwepo.

Chama cha Wakaribiani, yaani watu wenye asili ya visiwa vya Karibi, kilikuwepo Bristol, ila wengine walikiona kinakwenda polepole mno. Ndipo Roy Hackett, Owen Henry, Audley Evans na Prince Brown wakaunda chao, Baraza la Maendeleo la Wakaribiani. Msemaji wao akawa Paul Stephenson, afisa wa vijana. Stephenson alimpangia usaili kijana mwenye sifa zote, Guy Bailey. Kampuni ilipojua kwamba ni Mkaribiani, usaili ukafutwa. Aprili 29 wakatangaza kususia mabasi.

Baraza la makanisa la mji likawalaumu: kikundi kidogo kinachojidai kuwakilisha watu ndicho kilichochochea mgogoro. Lawama hiyo siipuuzi. Wakaribiani wa Bristol walikuwa kama 3,000, na hakuna aliyewapigia kura wale wanne. Stephenson mwenyewe hakuwa Mkaribiani: alizaliwa Essex, Uingereza, baba yake Mwafrika wa Magharibi. Na aliyekwisha kupata kazi kantini alikuwa na haki ya kuuliza: vita hivi vikishindwa, nani atafukuzwa kwanza?

Lakini mazungumzo ya kimya kimya yalikuwa na miaka minane ya kuzaa matunda, na hayakuzaa. Kumtaka mnyonge akusanye idhini ya kila mtu kabla ya kulalamika ni kumfunga mdomo. Hapo nasimama na wale wanne.

Hoja nzito zaidi ni nyingine: je, kususia mabasi ndiko kulikoshinda? Kule Montgomery, Marekani, ambako weusi walianza kususia mabasi mwaka 1955 kupinga ubaguzi, wao ndio waliokuwa wengi ndani ya mabasi, kwa hiyo kususia kwao kuliumiza mfuko wa kampuni. Bristol abiria wengi walikuwa weupe. Kilichoiumiza kampuni ni aibu: wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Mei 1, kisha wakaongeza sauti zao mbunge Tony Benn, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Leba, na Learie Constantine, balozi wa Trinidad na Tobago. Anayesema wakubwa ndio waliomaliza kazi ana ushahidi. Ila wakubwa hao hawakusema neno juu ya mabasi ya Bristol mpaka wale wanne walipoanza.

Agosti 27 wafanyakazi wapatao 500 walikubali kizuizi kiondolewe. Kesho yake kampuni ikatangaza kwamba kizuizi kimeondolewa. Mtu wa kwanza asiye mweupe kuwa kondakta, Septemba 17, alikuwa Raghbir Singh, Kalasinga. Waliosutwa kuwa hawawakilishi hata Wakaribiani wenzao walikuwa wamemfungulia mlango Mwasia.

 Kazi ya wale wanne haikuishia kwenye mabasi: Hackett alikuwa pia katika kamati iliyoanzisha tamasha la St Pauls, mtaa wa Bristol, mwaka 1968. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi, ya 1965, haikugusa ajira; kwa hiyo kizuizi kile kingeendelea kuwa halali hadi sheria ya 1968. Unite, mrithi wa kile chama cha wafanyakazi, kiliomba radhi Februari 2013, Hackett na Stephenson wakiwa bado hai.