Ajali ya Tela Huanzia Uani

Kila masika yanapokaribia, barabara ya Sanya Juu kwenda Boma Ng'ombe hujaa matrekta yanayovuta haro (zana za diski za kulainisha udongo), mashine za kupandia na matela yaliyobeba mbegu na mbolea, na chombo kimoja kikichomoka, watu wote humlaumu dereva na mwendo wake. Mimi ninaishi Moshi na nina trekta moja ninalolikodisha kwa wakulima wa upande huo na wa Kahe, na ninaamini kwamba lawama hiyo mara nyingi humwangukia asiyestahili. Kinachochomoka mwezi wa Machi huwa kimeanza kuharibika uani tangu Agosti, mbele ya macho ya mwenye mali.

Ninasema hivi kwa sababu yalinikuta. Miaka michache iliyopita tela langu, likiwa limejaa magunia ya mahindi, liliachana na trekta kwenye mteremko karibu na Boma Ng'ombe, likaishia mtaroni hatua chache kutoka kwenye meza ya mama mmoja anayeuza ndizi. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuumia mtu. Niliposhuka kutazama, nilikuta kilicholishika tela si pini ya kuliunganisha na trekta, bali kipande cha nondo kilichokunjwa kichwani, ambacho tulikichomeka baada ya pini yenyewe kupotea wakati wa kiangazi, tukisema kitatufaa kwa siku mbili. Kilikuwa kimekaa pale msimu mzima. Mahali kilipokatikia, nusu moja ilikuwa nyeusi kwa kutu na nusu nyingine iling'aa kama chuma kipya, maana yake ufa ulikuwapo kwa siku nyingi na kilichobaki kilikuwa kimeubeba mzigo wote peke yake.

Pini halisi ni ya chuma kigumu, hulijaa tundu lake bila kucheza, na chini ina kifungo kinachoizuia isiruke trekta linapopita kwenye tuta. Pamoja nayo inatakiwa cheni ya usalama, ili pini ikikatika tela lisiende linakotaka. Vitu hivi ni vya bei ndogo ukivilinganisha na tairi moja tu, na bado ndivyo vinavyopotea kwanza, kwa sababu msimu ukiisha hakuna anayevitafutia mahali pa kukaa.

Kwa hiyo, kwangu mimi, usalama wa barabarani huanza siku zana inaporudi kutoka shambani. Mashine ya kupandia ikiachwa na mbolea tumboni, mbolea hiyo hunyonya unyevu na kula chuma, nayo haro isiyooshwa hushika kutu chini ya udongo uliogandamana. Baada ya kuosha na kukausha, sisi hupaka diski mafuta na kupiga grisi mpaka ile ya zamani, iliyochanganyika na vumbi letu laini la volkano, itoke yote. Tela hulipandisha juu ya magogo imara ili matairi yasibebe uzito miezi mitano, tukayafunika yasipigwe na jua, na magurudumu tukayawekea vigingi. Chochote kinachoinuliwa kwa haidroliki hushushwa hadi chini, juu ya mbao, kwa kuwa watoto hucheza hapo na silinda inaweza kuachia wakati wowote. Mpira wa haidroliki ukishukiwa kuvuja, usiupapase kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Mafuta yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na mtu akipatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haoni maumivu.

Barabarani yapo machache nisiyokubali yapuuzwe. Mzigo usilundikwe nyuma ya ekseli, kwa sababu mkono wa tela, yaani chuma chake cha mbele kinachoungana na trekta, huinuka na kuyapunguzia magurudumu ya nyuma ya trekta mshiko. Pedali mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya la kulia, zifungwe pamoja. Gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko, na ile tabia ya kuweka nyutro ili kuokoa dizeli ikome kabisa. Utingo asikae kwenye mkono wa tela. Stika za kuakisi mwanga ziwepo na zifutwe vumbi: gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa nyuma ya trekta linalokwenda 20 humaliza mita 100 zilizo kati yao kwa sekunde 6 tu, na jioni sekunde hizo ni chache mno kwa dereva aliyechoka.

Lakini nani ayafanye yote haya? Hapa ndipo sisi wenye matrekta tunapokosea zaidi. Dereva wangu nilikuwa nikimlipa kwa ekari, kwa hiyo siku ya kupiga grisi na kukagua nati ilikuwa siku ya kulala njaa kwake, nami nilishangaa kwa nini haikagui mashine. Siku hizi ninamlipa siku mbili kamili msimu unapofungwa na siku moja kabla haujafunguliwa, bila kuhesabu ekari hata moja. Pini na kifungo chake hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, naye hulazimika kubisha hodi kuichukua kabla ya kufunga tela.