Kitufe Kikubwa cha Kijani

Mama mkwe alishuka Tabata Ijumaa jioni na gunia la machungwa ya Muheza na ombi moja tu: aione harusi ya kitindamimba wake. Siku yenyewe alikuwa amelazwa na malaria, harusi akasimuliwa kwa simu. Mimi na kiherehere changu nikajibu kabla hajamaliza hata maji ya kunywa: "Mama, kesho asubuhi utaiona yote, mwanzo mwisho, kwenye kompyuta."

Video ilikuwa kwenye flashi. Jumamosi saa tatu nikaichomeka. Kochi limejaa, watoto wako chini, mama mkwe katandikiwa kanga kwenye kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Nikabofya. Kompyuta ikasema faili hili haiwezi kulifungua. Nikabofya tena kwa nguvu zaidi, maana mimi ni katika wale wanaoamini mausi inasikia maumivu. Wapi.

Shida ilikuwa mkia wa faili: .mkv. Hii mkv ni kama kikapu, ndani mna picha, sauti, hata maandishi, vyote vimefungwa pamoja. Kompyuta yangu ni mzee wa Windows 7, na programu iliyokuja nayo ya kuchezea video haikufundishwa kufungua kikapu hicho. Waliojaliwa ni wenye Windows 10. Dawa yake inajulikana mji mzima: VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa chuo huko Ufaransa mwaka 1996, na haiuzwi. Haya yote nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni kwamba matapeli nao wanajua tunaitafuta.

Nikawasha intaneti ya simu, nikaandika "VLC bure", nikabofya jibu la juu kabisa. Pembeni yake palikuwa na kijineno cha kusema hili ni tangazo, lakini nani anasoma vijineno huku mama mkwe anakohoa mgongoni kwake?

Ukurasa ulikuwa na vitufe vitatu vya kupakulia. Cha kwanza chembamba, cha bluu. Cha pili cha kijivu, kimejikunyata. Cha tatu kilikuwa cha kijani, kikubwa kama mlango wa duka la Kariakoo, na kina mshale unaoruka juu chini kama kondakta anayeita abiria. Nikajiambia: programu kubwa, kitufe kikubwa. VLC yenyewe ni kama MB 40. Hii ilikuwa MB 1 na ushei, ikaingia kabla sijapepesa jicho. Badala ya kushtuka, nikafurahi.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Bando limepona."

"Baba watoto, si umwite tu mtoto wa dada yako?"

"Nimwite wa nini? Yule juzi tu nilikuwa namfunga kamba za viatu."

Nikaifungua. Skrini nzima ikafifia. Mke wangu akapiga kelele, "Umeme huo!" na mtu akakimbilia kuchomoa friji. Umeme haukuwa na neno. Ni kompyuta inayofifisha skrini makusudi ili ikuulize kwa adabu: je, unairuhusu programu hii ibadilishe mambo humu ndani? Na chini yake iliandika kwamba mtengenezaji hajulikani. Yaani mtu amesimama mlangoni usiku, umemuuliza jina amekataa kusema, halafu unamfungulia. Nikafungua.

Baada ya hapo ni "Next". Nilibofya "Next" kama ninayevuna njugu. Katikati niliona visanduku vidogo vilivyokwishawekewa tiki, nikamshukuru moyoni huyo aliyenipunguzia kazi.

Ya kwanza kuvamiwa ilikuwa kivinjari. Juu yake paliota mistari mitatu ya vitufe, mpaka pa kusomea pakabaki upana wa kiganja. Kona ya chini kulia likachomoza dirisha dogo la hali ya hewa, lina wingu na theluji: Minsk, mji wa huko Belarus, nyuzijoto 11 chini ya sifuri. Tabata siku hiyo tulikuwa tunajipepea kwa vifuniko vya ndoo. Kisha kwenye spika, kwa sauti ya juu kabisa maana nilikuwa nimeipandisha kwa ajili ya matarumbeta ya harusi, mwanamke akapaza sauti:

"Attention!"

"Abee!" akaitika mama mkwe, akajitupia kanga kichwani. "Mkwe wangu, mna mgeni?"

Hakuwa mgeni. Ilikuwa programu ya kusafisha kompyuta, ambayo mimi sikuiita, imekwishapekua nyumba nzima na kugundua makosa 1,847. Kuyafuta nilipe dola kwa kadi. Mke wangu, Mungu amsamehe, akamtafsiria mama yake neno kwa neno.

"Makosa elfu moja na mia nane!" Mama mkwe akanitazama. "Na wewe ulikuwa unakaa nayo tu?"

Yule mwanamke akawa anarudi kila baada ya dakika chache. "Attention!" "Abee!" Nikizima, anarudi. Mara ya nne mama mkwe hakushtuka tena, alisema tu, "Sema mwanangu, tunakusikia." Harusi hatujaona hata shela.

Saa tano nikapiga simu kwa dada yangu. Mwanawe akaja na kandambili, anakula embe, yuko kidato cha pili. Akasimama mlangoni, akaitazama skrini kwa mbali.

"Shikamoo mjomba. Ulibofya cha kijani?"

Sikumjibu. Akanawa mikono, akakaa. Akafungua orodha ya programu zote, akaipanga kwa tarehe ya kuwekwa, na hapo juu zikajipanga saba, zote za leo. Akaanza kuziondoa moja moja, na hakuna iliyokubali kuondoka kimya. Moja ilitoa picha ya mbwa analia. Nyingine iliweka kitufe kikubwa cha kijani cha kusema nibaki, na kijineno cha kijivu, cha kutafutwa kwa tochi, cha kusema niende. Mkono wangu ukaanza kusogea wenyewe kwenye mausi.

"Mjomba, hapo usiguse."

Yule mwanamke alikuwa wa sita. Aliita mara ya mwisho, akaitikiwa, kisha kimya. "Mmemfukuza?" mama mkwe akauliza. "Hata chai hajapewa!"

Kijana akaenda moja kwa moja kwenye tovuti yenyewe, videolan.org, akashusha VLC. Koni ikatokea, mama mkwe akauliza kwa nini tumeweka karoti, na saa sita kasorobo bibi harusi akatoka kwenye gari. Mama mkwe alilia kuanzia hapo mpaka keki.

Ilibaki programu moja, ile ya hali ya hewa. Kijana alipoielekea, mama mkwe akajifuta macho.

"Hiyo iacheni. Hao watu wana baridi, nataka nijue wanaendeleaje."

Kijana akaikagua, akasema hii haina meno, akaiacha shingo upande.

Jumatano mama mkwe akarudi Muheza. Tangu hapo kila jioni simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Minsk wameshindaje?"

Jana nikamwambia imepanda, nyuzijoto 2 juu ya sifuri, na kile kipicha cha theluji kimeondoka. Akanyamaza kidogo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa nawafikiria watoto wao."