Lenzi ndefu na furukombe anayeruka: mota au mpigaji picha?

Wapiga picha wanaokwenda Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya furukombe, yaani tai mla samaki, hurudi mara nyingi na lalamiko moja: ndege ameshuka, amenyakua samaki, amepaa tena, na kwenye kamera mafunjo ya ng'ambo yametoka makali huku ndege mwenyewe akiwa ukungu mtupu. Lawama huangukia lenzi. Wapo wanaoshikilia kwamba lenzi ndefu za bei ya kati zina mota dhaifu ya kufokasi, na kwamba hakuna mpangilio wa kamera utakaoziba upungufu huo. Wapo pia wanaosema kwamba lenzi hizohizo huleta picha safi zikiwa mikononi mwa mtu anayezifahamu. Kila upande una ushahidi wake, lakini mimi naona kwamba pande hizi zinaita makosa mawili tofauti kwa jina moja, na yasipotenganishwa watu wataendelea kununua vifaa wasivyovihitaji.

Kosa la kwanza ni kuchelewa kumkamata ndege anapoingia kwenye fremu. Hapa mota haina hatia kubwa. Nikkor 200-500 f/5.6, lenzi ya Nikon ya milimita 200 hadi 500, kwa mfano, hufokasi kuanzia mita 2.2 hadi mbali kabisa, na otofokasi, yaani mfumo wa kamera wa kujifokasia wenyewe, ikimkosa ndege kwa sababu fremu imejaa anga tupu, vioo vya ndani huanza kusafiri kutoka mwisho mmoja wa masafa hayo hadi mwingine na kurudi, na wakati huo furukombe ameshagusa maji. Swichi ya kikomo cha umbali iliyo ubavuni mwa lenzi hiyo huizuia kutafuta karibu zaidi ya mita 6, na Canon EF 100-400 toleo la pili inayo yake ya mita 3. Kuiacha swichi hiyo bila kikomo hakuna faida yoyote kwa kazi hii, kwa kuwa lenzi ya milimita 500 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) huona upana wa chini ya nusu mita kwa umbali wa mita 6, ilhali mabawa ya furukombe yakitandazwa hufikia mita 2 hivi. Tena, anayefokasi mapema kwenye mgunga alikotua ndege, kabla mwendesha boti hajamtupia samaki wa kumvuta, huipunguzia lenzi safari ndefu ambayo hata mota bora ingeichukulia muda.

Kosa la pili, yaani kumpoteza ndege aliyekwisha kukamatwa, ni zito zaidi, na hesabu yake inastahili kufanywa kwa utulivu. Kwa lenzi ya milimita 500 yenye uwazi wa f/5.6 kwenye fremu kamili, kina cha eneo lililo kali kwa ndege aliye umbali wa mita 30 ni kama mita 1.2 tu. Akifika mita 15, kina hicho hushuka hadi kama sentimita 30, kwa maana umbali ukipungua nusu, kina hubaki robo. Ndege anayekuja kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde huzivuka sentimita hizo 30 kwa takriban sekunde 0.03. Anayekatiza mbele ya boti kwa mwendo uleule hubadilisha umbali wake kidogo sana, na lenzi ya kawaida humfuata bila taabu. Kwa hiyo lenzi ileile, asubuhi ileile, inaweza kusifiwa na mtu aliyempiga ndege ubavuni na kulaumiwa na aliyemkabili uso kwa uso. Ndiyo maana naamini mazungumzo na mwendesha boti yana uzito ambao wengi hawaupi: samaki akitupwa kati ya boti na mti, furukombe atakuja moja kwa moja, akitupwa pembeni, atapita kwa ubavu. Jua likiwa mgongoni mwa mpigaji picha, kile kichwa cheupe kando ya bawa la rangi nyeusi huipa otofokasi tofauti ya mwanga na kivuli inayoihitaji ili ishike.

Wanaoilaumu lenzi wana hoja ambayo haitatuliwi na swichi wala mahali pa kukaa. Lenzi ya f/6.3 hupitisha mwanga pungufu mara mbili na nusu hivi kuliko ya f/4, na kwenye kamera za kioo (DSLR) otofokasi hufanya kazi lenzi ikiwa wazi kabisa, hata kama picha itapigwa kwa f/8. Alfajiri yenye mawingu upungufu huo huonekana wazi. Telekonvata, kifaa kinachowekwa kati ya lenzi na kamera ili kukuza picha, huongeza tatizo: ya mara 1.4 hupunguza mwanga kwa hatua moja (hubaki nusu) na ya mara 2 kwa hatua mbili (hubaki robo), na Canon wenyewe hueleza kwamba kwenye lenzi zao za EF mwendo wa otofokasi hupunguzwa kwa asilimia 50 kwa ile ya kwanza na asilimia 75 kwa ya pili, ili usahihi usipotee. Mtu anayeitumia kwa ndege anayeruka amejiongezea masafa kwa gharama ya kitu alichokuwa nacho kidogo tangu mwanzo.

Kamera zinazomtambua ndege na jicho lake, kama Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony A1 ya mwaka 2021, zimewapa nguvu wanaosema tatizo si lenzi, na kwa kiasi wana haki, kwa sababu zinajua pa kulenga. Hata hivyo, kamera kujua jicho liko wapi hakuharakishi vioo vizito vya lenzi ya zamani.

Yapo pia makosa yanayosingiziwa otofokasi. Jua likishapanda, mazigazi juu ya maji huvuruga kila kitu kilicho mbali, na hakuna lenzi inayoyapenya. Kasi ya shata ya sekunde 1/500 huacha ncha za mabawa zikiwa na ukungu hata fokasi ikiwa sahihi; 1/2000 ni mwanzo salama zaidi.

Kabla ya kununua chochote, lenzi ijaribiwe mchana wenye mwanga mzuri, bila telekonvata wala chujio, sehemu zake za chuma zinazogusana na kamera kupitisha umeme zikiwa zimefutwa na betri ikiwa imejaa, kwa kulenga bango lililo mita 20 kisha kilima cha mbali, tena na tena. Ikienda moja kwa moja na kutulia, mota ni nzima, na fedha ya lenzi mpya ingetumika vizuri zaidi kukodi boti asubuhi nyingine. Ikiyumba vilevile hata ikifungwa kwenye kamera ya pili, ipelekwe kwa fundi.