Pimbi si tusi, ni jamaa wa tembo

Juzi ndani ya daladala konda alimgeukia abiria mmoja mfupi akamwambia, "We pimbi, sogea nyuma huko!" Gari zima likaangua kicheko. Nilicheka pia, kisha huruma ikaniingia. Sikumhurumia abiria, maana alijibu vizuri tu. Nilimhurumia pimbi.

Ukifika kisiwa cha Saanane, pale Mwanza, utawakuta wamejianika juu ya mawe: manyoya ya kahawia, mkia hakuna, kilo nne au tano hivi. Utadhani ni panya aliyeshiba ugali wa watu. Kumbe wataalamu wakifuatilia ukoo wake hawafiki kwa panya wala kwa sungura, wanafika kwa tembo na nguva. Meno yake ya juu ya mbele hukua maisha yote, kama pembe za ndovu. Na mimba yake? Miezi saba na zaidi, kwa mnyama wa kimo cha paka! Sungura mwezi mmoja tu kashazaa.

Ndiyo maana napendekeza tuanze kumwita mtu pimbi kwa kumsifu. Simba tumemchosha. Kila mwenye kifua ni simba, hata anayekimbia mende. Kwa yule mdogo wa umbo anayeng'ang'ania pagumu hatuna neno. Pimbi ana nyayo zenye unyevunyevu zinazonata kwenye mwamba, apande asiteleze. Kundi likila, wapo wanaobaki macho. Akionekana tai, kelele inapigwa na wote wanazama mapangoni. Hata Biblia, katika Mithali sura ya 30, inamtaja kwa jina la wibari miongoni mwa wadogo wanne wenye akili nyingi.

Wanaopinga nao wana lao, na si dogo. Kwanza, pimbi mwenyewe anatuangusha. Mwili wake haujui sana kutunza joto, kwa hiyo asubuhi haanzi kazi mpaka aote jua kwanza. Mwambie bosi wako kwamba umempata kijana pimbi kweli kweli, uone kama atamwajiri. Wazulu wanasimulia kwamba siku ya kugawiwa mikia mvua ilinyesha, pimbi akaona uvivu, akaagiza wenzake wamletee wake. Anausubiri hadi leo.

Hoja nzito zaidi ni ya lugha. Maana ya neno iko midomoni mwa watu, haiko kwenye vitabu vya ukoo wa wanyama. Punda anabeba mizigo yetu miaka yote, na bado ukimwita mtu punda mtapigana. Sifa za mnyama hazijawahi kumwokoa.

Hapo karibu nikubali kushindwa, ila kuna mbuzi. Zamani mwalimu akikuita mbuzi ulijua hesabu umekosa zote. Leo vijana wanabishana vijiweni Messi na Ronaldo nani mbuzi, na wote wanataka awe wa kwao. Najua, nyuma ya mbuzi kuna Kiingereza kilichomsukuma: "GOAT" ni mbuzi, na pia ni kifupi cha "bora kuliko wote wa nyakati zote". Pimbi hana mjomba huko. Lakini angalau tumeona kwamba tusi linaweza kuoga likabadili nguo.

Wapo wanaosuluhisha: tumsifu mtu kwa wibari, pimbi libaki kwa makonda. Siafiki. Wibari ni la kanisani, halina mchapo. Pimbi linatamkika, linapasuka mdomoni, na hata ukiwa unasifu linabaki na utani kidogo, jambo ambalo simba hana.

Nimeshaanza majaribio nyumbani. Jana mke wangu alimaliza hesabu za kikoba zilizowashinda wenzake watatu, nikamwambia, "Hongera Mama Neema, wewe ni pimbi."

Akaweka kalamu chini taratibu. "Baba Neema, hebu rudia."

Nilianza kumweleza habari za tembo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi.