Pepo yenye tarehe

Kuna kijana katuma kwenye kundi letu la WhatsApp bango la zamani la Kisovieti: mfanyakazi kifua mbele, anga jekundu, na maneno kwamba kizazi cha leo kitaishi katika ukomunisti. Chini yake kaandika: "Viongozi wenye maono walikuwa hawa." Chai yangu ilipoa nikiitazama hiyo sentensi.

Maono, haya. Oktoba 1961, kwenye Mkutano Mkuu wa 22 wa Chama cha Kikomunisti, Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alitangaza kwamba kufikia 1980 ukomunisti utakuwa umesimama kwa sehemu kubwa. Programu ikataja hadi vitu vya mfukoni: nyumba bila kodi, basi bila nauli, chakula cha mchana kazini bure. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mzee alithubutu kuweka mwaka. Wengine hukuahidi maziwa na asali wasiseme lini, usije ukawadai. Na nyumba kweli alijenga, hilo tusimnyang'anye.

Lakini hebu hesabu miezi saba tu kutoka mkutano ule. Juni 1, 1962 bei ya nyama na siagi ikapanda, nyama kwa karibu asilimia 30. Kule Novocherkassk, mji wa kusini mwa Urusi, kiwanda cha vichwa vya treni kilikuwa kimeshawabana watu kwenye ujira. Wakauliza, sasa tutakula nini? Mkurugenzi, inasimuliwa, akawajibu kwamba kama nyama imewashinda, wale maandazi ya maini. Maandazi! Wakaacha kazi, wakazuia treni njiani, na kwenye kichwa chake mtu akaandika: Khrushchev awe kitoweo. Katika kaulimbiu zote za enzi ile, hiyo ndiyo pekee ninayoiamini, maana haikupitishwa na kamati yoyote. Kesho yake askari wakafyatua risasi. Walikufa 26, na baadaye wengine 7 wakahukumiwa kifo. Maiti zilizikwa kwa siri makaburi ya mbali, mama wa watu asijue mwanawe kalala wapi. Damu haikutoka uwanjani, ikabidi lami imwagwe upya.

Huyo mfanyakazi wa kwenye bango, kijana wangu, ndiye aliyepigwa risasi.

Mjomba wangu alisoma Moscow miaka ya sabini. Khrushchev alishaondolewa madarakani tangu 1964, na kaulimbiu alizozikuta juu ya mapaa zilikuwa hazina tena mwaka: mbele, kwenye ushindi wa ukomunisti! Wenzake wa bwenini wakamfundisha utani kwa sauti ya chini. Ukomunisti uko kwenye upeo wa macho. Na upeo wa macho ni nini? Ni ule mstari ambao ukiusogelea, nao unasogea.

Basi 1980 ikafika, na kilichokuja Moscow ni Olimpiki. Sisi Watanzania hatuna la kulalamika, wanariadha wetu Bayi na Nyambui walituletea medali mbili za fedha. Wenyeji, waliokuwa wameahidiwa kusafiri bure, waliendelea kutumbukiza kopeki 5 zao, senti za Kisovieti, kwenye mlango wa metro.